Mgahawa Nao Una Kwao

Atakaye kufungua mgahawa wa chakula cha haraka Wiyoni asikimbilie jina la ng'ambo kwa kudhani ndilo livutalo wateja. Hao anaotaka kuwaiga walifanyaje? McDonald's ni jina la ukoo wa ndugu wawili waliofungua mgahawa San Bernardino, Marekani, mwaka 1940. KFC, iliyoingia Nairobi mwaka 2011, imebeba jina la jimbo la Kentucky. Walijitaja wao na kwao. Basi akiiga, na aige desturi yao, si majina yao.

Kibao cha mlangoni ni chuo cha pili: watoto hukisoma kila siku. Penye mbaazi, mahamri na mishkaki pakiitwa Wiyoni, ni mteja gani atakayepotea njia?