Mnyonge Mnyongeni

Ndugu zangu wa Birmingham, tusidanganyane. Mwaka 2001 Tanzania, ikiwa ndiyo kwanza inasamehewa madeni, ilipewa kibali cha kuuziwa rada ya BAE kwa pauni milioni 28. Mbunge wetu wa Ladywood, Clare Short, alikuwa waziri; alipinga, hakusikilizwa. Mimi ni mhandisi, naipenda mitambo. Lakini mtambo huchaguliwa kwa kazi yake, na Benki ya Dunia ilisema huu ni ghali mno.

Wapelelezi wa Uingereza walipoichunguza BAE, walikuwa na jalada letu na la Saudi Arabia, mnunuzi mkubwa wa ndege za kivita. Desemba 2006 la Saudia likafungwa. Serikali ya Tony Blair ilitaja usalama wa taifa na ushirikiano dhidi ya ugaidi. Letu likafika mahakamani mwaka 2010: faini ya pauni 500,000, eti kwa kutotunza hesabu sawasawa, na pauni milioni 29.5 kwa Tanzania, zikanunua vitabu na madawati.

Kuna wanaosema tushukuru. Kwa vitabu, nashukuru. Lakini sheria inayouliza kwanza "una mafuta?" si sheria, ni mizani ya dukani. Raia wa Saudia naye kanyimwa ukweli.

Wala tusiwalaumu Waingereza tu: saini ya mnunuzi ilikuwa yetu. Mgombea akibisha hodi kwako, iwe huku au nyumbani, muulize: mnyonge kapewa haki yake, mwenye nguvu lini?