Mkoba wa Milano, Mtungi wa Gatina

Mfupa wa ng'ombe aliyechinjwa Dagoretti huingia Kibera ukiwa bado unanuka. Huchemshwa mpaka mafuta yatoke, huanikwa, hukatwa kwa msumeno, kisha hupelekwa kwenye mashine ya kunoa. Nimewahi kushinda asubuhi nzima katika karakana ya namna hiyo, banda la mabati lenye mlango mmoja. Vumbi jeupe lilikuwa limetua kwenye nyusi za fundi, kwenye redio, hata kwenye kipande cha kadibodi kilichofunika kikombe chake cha chai. Aliinua bangili aliyokuwa akiing'arisha, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango, akaona ufa mwembamba kama unywele. Akaitupa kwenye ndoo na kuchukua mfupa mwingine. Kando yake mwenzake alikuwa akiyeyusha makufuli na mifereji mibovu ya maji, kwa kuwa ndani yake mna shaba ya manjano ya kutengenezea vipuli.

Vitu hivyo husafiri mbali. Kampuni ya Soko, ambayo Catherine Mahugu ni mmoja wa waanzilishi wake, ilijengwa Nairobi juu ya wazo la kumfikia fundi kwa simu yake ya mkononi na kuuza kazi yake ng'ambo. Mwanamitindo Vivienne Westwood wa Uingereza naye alishonesha mikoba Nairobi kwa maturubai makuukuu, mabango ya barabarani na mabaki ya ngozi, chini ya mpango wa Kituo cha Biashara cha Kimataifa. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba Kibera na maduka ya anasa ni dunia mbili zisizojuana. Zinajuana vizuri. Tofauti ni kwamba bangili hupewa bei yake mwisho wa safari, na fundi yuko mwanzo wa safari.

Juni 2024 mahakama ya Milano, Italia, iliiweka chini ya usimamizi kampuni tanzu ya Dior inayotengeneza mikoba. Wachunguzi walikuwa wamekuta karakana za wakandarasi ambako wafanyakazi walilala papo hapo penye mashine. Wakakuta na hesabu: mkoba uliouzwa dukani kwa yuro 2,600 mkandarasi alikuwa amelipwa yuro 53 kuuunganisha, gharama ya ngozi ikiwa kando. Miezi miwili kabla yake, kampuni ya kundi la Armani ilichukuliwa hatua kama hiyo.

Wengi wakiisoma hesabu hiyo huona wizi mtupu. Mimi naona pia jambo la pili, na ndilo lililonifanya niandike. Thorstein Veblen, mchumi wa Marekani, alieleza mwaka 1899 kwamba viko vitu ambavyo watu huvinunua kwa sababu ni ghali, ili waonekane na wenzao. Ukivishusha bei, unaviua. Kampuni ya Hermès imefika mahali ambapo fedha peke yake hazitoshi: Machi 2024 wateja wawili waliishtaki California wakidai kwamba mtu hauziwi mkoba wa Birkin mpaka kwanza awe amenunua vitu vingine dukani humo. Tajiri ana uwezo wa kuondoka bila mkoba na asipungukiwe na chochote. Mwenye duka naye ana uwezo wa kumkatalia tajiri na asife njaa. Wanapokubaliana bei ya milioni, wamekubaliana watu wawili ambao kila mmoja angeweza kusema hapana.

Fundi wa Kibera hawezi kusema hapana. Kodi ya nyumba inamngoja mwisho wa mwezi, na nje ya banda wako vijana kumi wanaoijua mashine ile. Ndiyo maana naamini kwamba bei haitwambii sana thamani ya kitu. Inatwambia ni nani kati ya wanaopatana anayeweza kukataa. Mabishano yetu ya ubepari na ustawi wa jamii yangekuwa na faida zaidi kama yangeanzia hapo.

Lakini huwa hatuanzii hapo. Huanzia kwenye saa ya mheshimiwa. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipopendekeza mkate utozwe ushuru wa VAT wa asilimia 16, vijana waliweka mitandaoni picha za wanasiasa na mikanda yao, viatu vyao na saa zao, wakitafuta bei ya kila kimoja. Juni 25 watu waliuawa barabarani, na kesho yake Rais akakataa kuutia saini mswada huo. Hasira ile ilikuwa ya haki. Anayekutoza mkate hana budi kukueleza amepata wapi saa ya mamilioni. Ila tuangalie kosa liko wapi. Kama saa imenunuliwa kwa mali ya umma, kosa ni wizi, na wizi wa saa ya bei nafuu ni wizi vilevile. Kama imenunuliwa kwa jasho na kodi ikalipwa, basi mwenye saa na avae saa yake.

Najua wasomaji wangu wengine hawatalipenda hilo. Nitalieleza kwa kuwapeleka Kawangware.

Kutoka Gatina, kitongoji cha Kawangware, hadi Lavington ya matajiri ni mwendo wa miguu. Kila alfajiri askari wa lango, wapishi, yaya na waosha magari huuvuka mpaka huo, na jioni huurudia. Upande wa Lavington maji hutoka mferejini ndani ya nyumba. Upande wa Gatina hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Mtungi ukiwa shilingi 5, bei ambayo watu huiona ya kawaida, lita 1,000 ni shilingi 250, na aliye na mita ya kampuni ya maji hulipa bei ya chini mno kuliko hiyo. Mifereji ikikauka au mkokoteni ukilazimika kuyaleta kutoka mbali, mtungi huongezeka bei maradufu na zaidi. Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006 ilisema kwamba wakazi wa mitaa ya mabanda ya Nairobi hulipia kipimo kilekile cha maji mara 5 hadi 10 ya wanacholipa wakazi wa mitaa ya kitajiri ya jiji lao, na hata zaidi ya mtu wa London au New York. Miaka mingi imepita tangu ripoti hiyo, na mitungi bado imepanga foleni.

Kwa kipimo changu, hiyo ndiyo bei ya anasa iliyopo Nairobi. Mama wa Gatina hulipia maji kama mtu anayenunua jina, ilhali jina hapati. Hawezi kuondoka kioskini akasema nitakunywa mwezi ujao. Vivyo hivyo mafuta ya kupima, unga wa nusu kilo, choo cha kulipia kila uingiapo. Uchumi huu wa kadogo, wa kununua kidogo kidogo, tunausifu kwa ubunifu wake, nami nausifu pia, kwa sababu umewafikisha watu jioni wakiwa wameshiba. Hata hivyo, ukijumlisha vijikaratasi vyote vya mwezi, asiyeweza kununua galoni la mafuta amenunua mafuta ghali kuliko aliyelinunua. Mkoba wa Milano haujamnyang'anya chochote. Mtungi ndio unaomnyang'anya, kila siku, shilingi kwa shilingi.

Wanaotetea soko wana hoja zao, na Kibera imewahi kuwa shahidi wao. James Tooley, msomi wa Uingereza, alikuja Kibera baada ya elimu ya msingi kufanywa bure Januari 2003, akakuta shule nyingi za kibinafsi za ada ndogo ambazo serikali ilikuwa haizihesabu. Akahitimisha kwamba maskini wanaweza kujinunulia elimu bila kuisubiri serikali. Shule zile zipo kweli, na walimu wake hufanya kazi kubwa kwa mshahara mdogo. Swali ni kwa nini mzazi wa Lindi au Laini Saba, humo humo Kibera, alizihitaji. Shule za umma zilikuwa chache na ziko pembezoni, madarasa yamefurika, na mtoto wa miaka sita hawezi kutumwa mbali peke yake. Mzazi alichagua, ndiyo, lakini alichagua akiwa hana shule ya umma mlangoni ambayo angeweza kuikataa.

Upande wa pili, nchi hii haijawahi kukosa maneno ya ustawi. Waraka Nambari 10 wa 1965, ambao Waziri Tom Mboya aliutetea Bungeni, uliitwa wa Ujamaa wa Kiafrika, na ukaelekeza fedha za serikali kwenye maeneo yaliyokuwa tayari na rutuba na miundombinu ili yakue haraka na kuyavuta mengine. Mbunge J. M. Kariuki alionya kwamba tulikuwa tukijenga nchi ya mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi, na Machi 1975 akauawa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya afya, nyumba, chakula, maji safi na hifadhi ya jamii. Ni maandishi mazuri. Ubaya umeingia tulipoyageuza kuwa huduma, kwa sababu huduma zenyewe tumezitengeneza kwa mfano wa mtu mwenye mshahara.

Tazama bima mpya ya afya, SHA, iliyoanza Oktoba 1, 2024. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kila mwezi, na hata hasikii uchungu wa kwenda kulipa. Mama mboga wa Stage 56, Kawangware, huulizwa maswali kuhusu paa lake, ukuta wake na choo chake, mtambo unamkadiria kipato, kisha anatakiwa atoe ada ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 mkononi kwa siku moja. Mtu anayenunua mafuta ya kupima ameambiwa anunue afya kwa robota! Malalamiko yalipozidi, mwaka 2025 ukaja mpango wa Lipa SHA Pole Pole: unakopeshwa ada, kisha unalipa kidogo kidogo. Hatua hiyo ina nafuu, siikatai. Lakini mwenye mshahara anachangia, na asiye na mshahara anakopa ili achangie, na wote wawili tunasema wako katika mfuko mmoja wa mshikamano.

Inua Jamii nayo huwapa wazee waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Kiwango hicho kimesimama palepale kwa zaidi ya miaka 10 huku unga ukipanda, na malipo yenyewe hucheleweshwa, yakaja ya miezi kadhaa kwa pamoja. Mzee anayengoja fedha za miezi mitatu hununua kwa mkopo dukani, na anayenunua kwa mkopo hachagui duka.

Huwa nasikia, hasa kutoka kwa watu waliotulia maishani, kwamba kumpa mtu fedha ni kumfundisha uvivu. Shirika la GiveDirectly limekuwa likitoa fedha za kila mwezi bila masharti katika vijiji vya Kenya, Siaya vikiwemo, na watafiti akiwemo Abhijit Banerjee, mshindi wa tuzo ya Nobel, wamewafuatilia wanaopokea. Hawakuona watu wakiacha kazi. Waliona wengi wakitoka kwenye vibarua na kuanzisha biashara zao. Kwangu hilo halishangazi hata kidogo. Aliye na akiba ya wiki mbili anaweza kumwambia mwenye kibarua, kwa malipo hayo siji. Akisema hivyo mara moja, ujira wa mtaa mzima unaanza kubadilika.

Basi msimamo wangu ni huu. Soko liachwe lipange bei ya kila kitu ambacho mtu anaweza kukikosa na akaishi: mkoba, saa, manukato, hata vipuli vya shaba kutoka Kibera. Vitozwe kodi kwa kadiri ya bei yake, bila huruma na bila chuki. Maji, shule, matibabu na posho ya uzee viondolewe katika mapatano ya bei, kwa sababu katika hivyo mmoja wa wanaopatana amefungwa mikono. Maji ya kioskini yauzwe kwa bei ileile ya mita ya Lavington. Ada ya bima ilipwe kwa wiki, kwa simu, kwa kiasi ambacho mama mboga hulipia akiba yake ya chama. Posho ya wazee ipande pamoja na bei ya unga na itoke tarehe moja kila mwezi, kama mishahara ya wabunge inavyotoka.

Bajeti husomwa kila Juni. Ikisomwa tena, magazeti yataandika ni bidhaa gani zimepanda. Wewe msomaji tafuta jambo moja tu katika kurasa zile: mtungi wa lita 20 pale Gatina utakuwa shilingi ngapi. Usipoliona, mwandikie mbunge wako umuulize, na umuulize tena mpaka akujibu kwa tarakimu.