Ndege Haisimami Kigombe

Makamanda, leo siandiki kuhusu tume ya uchaguzi wala katiba mpya. Hayo tutayarudia, hayakimbii. Leo nataka niwape habari ya safari ya gari, ya minazi ya mjomba wangu, na swali aliloniuliza nikakosa jibu.

Mimi ni kijana wa Horohoro. Kazi yangu ni kuhangaika na karatasi za mizigo ya watu pale mpakani. Kila siku naona magari yenye namba za Kenya yakiingia kutokea Lunga Lunga, familia nzima ndani, watoto wamelaliana kiti cha nyuma. Ukiwauliza wanakwenda wapi, wengi watakujibu Dar. Tanga kwao ni mahali pa kuweka mafuta. Na tusidanganyane, hata sisi tuliozaliwa huku ni hivyo hivyo. Tukitaka Dar tunapanda basi, tunapita Segera, tunalala usingizi, tunaamkia Chalinze. Pwani yetu wenyewe hatujawahi kuiona.

Mwezi ule jamaa yangu alikuwa na RAV4 ya zamani, akaniachia siku tatu. Mjomba, kaka yake mama, anaishi Duga, na alikuwa anataka kufika Mkwaja kuangalia shamba la minazi aliloachiwa na babu. Nikamwambia, mjomba, twende wote, tukimaliza tunaingia Hifadhi ya Saadani wenyewe. Akashangaa. "Wenyewe? Bila kampuni ya watalii?" Nikamwambia ndiyo, gari letu, mafuta yetu, macho yetu.

Kiukweli watu wengi hawajui kwamba inaruhusiwa. Hifadhi za taifa za nchi hii unaweza kuingia na gari lako na kuliendesha mwenyewe. Raia wa Afrika Mashariki analipa kiingilio kwa shilingi, mgeni wa mbali analipa kwa dola. Masharti yenyewe siyo ya kutisha: usizidi kilomita 50 kwa saa, usishuke garini ovyo, usiache barabara ukakanyaga nyasi, utoke kabla giza halijaingia. Ukitaka askari wa kukuongoza unaomba, unalipia. Usipotaka, unakwenda.

Basi tukaondoka Horohoro alfajiri. Kilomita 65 hadi Tanga mjini ni lami tupu. Barabara ile ilijengwa kwa fedha za msaada wa Marekani kupitia mfuko wa MCC, na hatuna sababu ya kukataa kwamba ni nzuri. Baada ya mji tukaifuata njia ya Pangani, kilomita kama 50 hivi. Tukasimama Tongoni kuona magofu ya msikiti na makaburi ya Waswahili wa kale. Kwenye miamba ya maji yale ndiko Vasco da Gama alikoitelekeza na kuichoma meli yake moja, São Rafael, mwaka 1499. Mjomba ana miaka zaidi ya 60, amepita njia ile tangu utoto, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia ndani.

Kigombe tukala samaki. Pangani mjini nikamwonyesha mjomba mji ambao Wajerumani walimnyongea Abushiri, Desemba 1889. Tukavuka mto kwa pantoni hadi Bweni, tukaendelea hadi Mwera, na hapo tairi likapata pancha. Kijana mmoja akaliziba chini ya mwembe huku akitusimulia mambo ya Simba na Yanga. Jioni tukafika Mkwaja, tukalala.

Kesho yake tukaingia hifadhini kwa upande wa kaskazini. Jamani, tuache siasa kidogo. Umeona wapi twiga na upepo wa bahari kwa wakati mmoja? Tuliona ngiri, kuro, kongoni, na kwa mbali kundi la tembo. Ufukwe wa Madete ndiko kasa wanakopanda kutaga mayai. Ukienda kusini unaufikia Mto Wami na viboko wake. Katikati kuna kijiji cha Saadani, wavuvi wanaanika kamba, mashamba ya chumvi yanang'aa juani. Huo ndio mji wa Bwana Heri, aliyepigana na Wajerumani kati ya mwaka 1888 na 1890. Mjomba alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Kumbe hii ni yetu."

Tukiwa bado tunaangalia, ndege ndogo ikapita juu yetu kuelekea uwanja wa Saadani. Wapo wageni wanaoletwa hivyo kutoka Unguja: wanatua, wanazungushwa, wengine jioni wamesharudi. Sina ugomvi nao. Lakini usiku ule nikachukua kalamu nikaandika hela tulizoziacha njiani, ukiondoa mafuta na kiingilio. Chai na vitumbua shilingi 4,000. Samaki wa Kigombe 14,000. Madafu 3,000. Pancha 5,000. Vyumba viwili 50,000. Supu ya asubuhi 6,000. Jumla 82,000. Na hao ni watu wawili wasio na kitu. Kila shilingi ilikwenda kwenye mkono wa mtu ninayeweza kukuonyesha alipokaa.

Ndege haisimami Kigombe. Hainunui madafu, haipati pancha Mwera. Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo, makamanda. Mtalii wa maana kwa pwani ya Tanga ni huyu anayeendesha gari mwenyewe, anayesimama ovyo, anayeuliza njia. Mwaka 2022 nchi ilizindua filamu ya Royal Tour, na mwaka 2024 wageni kutoka nje walipita milioni 2. Hongera. Lakini kijana wa Mkinga au wa Pangani anapimaje mafanikio hayo? Anapima kwa magari yanayosimama mbele ya kibanda chake. Hana kipimo kingine.

Najua kuna atakayeniambia: wewe kamanda, Mtanzania wa kawaida ana gari? Hana. Lakini tunachangishana kukodi Noah kwenda msibani na harusini kila wiki. Watu saba kwenye Noah wanaweza kufika Saadani wakati wa kiangazi (masika usijaribu, lile tope jeusi litakuabisha). Shule zinaweza. Vikoba vinaweza. Na zile familia za Kenya zinazopita kila siku pale Horohoro tayari zina magari, zina hamu ya bahari, na kiingilio chao ni cha shilingi kama changu. Zinachokosa ni mtu wa kuziambia: usinyooke Segera, kata kushoto.

Tena mfano hauko mbali. Vuka mpaka tu, nenda Shimoni, panda boti hadi kisiwa cha Wasini. Asubuhi unakwenda, jioni umerudi Horohoro. Akina mama wa Wasini wana njia yao ya mbao inayopita katikati ya matumbawe ya kale na mikoko. Mgeni anatembea, anawalipa wao. Gazi nao wanayo. Bahari ni ile ile, mikoko ni ile ile, Kiswahili ni kile kile. Sisi huku tuna mikoko kuanzia Jasini hadi Pangani, na tangu mwaka 2009 tuna hifadhi ya bahari ya Silikanti hapa Tanga, samaki ambaye dunia nzima ilidhani ameshatoweka. Njia ya mbao haihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Inahitaji mbao, misumari, na kikundi kinachoaminiana.

Sasa nirudi kwa mjomba, maana hapo ndipo penye uzito.

Mwaka 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za barabara ya pwani inayotoka Bagamoyo, inapita Pangani na Tanga, inavuka Horohoro hadi Malindi. Mto Pangani uliwekewa mpango wa daraja la mita 525 kuchukua nafasi ya pantoni. Sisi wapinzani tusinune, barabara ni haki ya wananchi na tuliidai miaka mingi. Lakini kabla lami haijafika, kuna kitu kingine kinafika: mnunuzi wa viwanja.

Asubuhi tulipokwenda kwenye minazi ya babu, tulikuta vigingi vimepigwa shamba la jirani. Mjomba akaniambia ukweli ambao hakuwa ameniambia njiani. Amekuja kuonana na jamaa kutoka mjini anayelitaka shamba. Bei waliyoongea ni kubwa kuliko hela yoyote aliyowahi kuishika. Ana mtoto anayetakiwa kulipiwa chuo, na mgongo unaomsumbua.

Nikaanza kuhutubia kama tulivyozoea. Nikamwambia ardhi ni urithi, lami ikifika thamani itapanda, usiuze. Akaniacha nimalize. Kisha akaniuliza, "Mjomba, na hicho chama chako kitanipa nini mimi nisiuze?"

Nilikosa jibu. Njia nzima ya kurudi sikuwa nalo. Nimelitafuta tangu siku ile, na hiki ndicho nilichopata.

Kwanza, sheria ipo upande wetu kuliko tunavyojua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, haimruhusu mtu kumhamishia mgeni haki yake ya kimila bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Asiye raia hamilikishwi ardhi nchini isipokuwa kwa uwekezaji, kwa utaratibu wa serikali. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Kwa hiyo siku ukuta ukijengwa hadi kwenye maji na wavuvi wakaambiwa wazunguke, huo siyo uwekezaji, ni uvunjaji wa sheria.

Pili, shamba siyo lazima liuzwe ndipo lilete hela. Linaweza kukodishwa kwa mkataba unaopitia kijijini. Minazi ya mjomba, kivuli chake, sehemu ya kupiga hema, choo safi na mama wa kukaanga samaki: hicho ndicho dereva wa kutoka Mombasa anachokitafuta usiku mmoja kabla ya kuingia hifadhini. Sisemi itamlipia mtoto ada mwaka huu. Nitakuwa mwongo. Nasema miaka kumi ijayo mtoto huyo atakuwa na mahali pa kurudi.

Tatu, tudai bila aibu. Vibao vya njia kuanzia Horohoro, ili anayevuka mpaka ajue Tongoni, Pangani na Saadani viko wapi. Ramani ya Kiswahili. Mafunzo ya uongozaji wageni yanayochukua vijana wa vijiji vya jirani kwanza. Na mipaka ya hifadhi na vijiji imalizwe kwa kukaa na watu. Wakazi wa Uvinje, kitongoji cha Saadani, wamekuwa na mgogoro wa mpaka na hifadhi kwa miaka mingi. Hifadhi ilitangazwa mwaka 2005, na kizazi kizima kimekua kikisikia habari ya mgogoro. Serikali ina maneno yake mazuri, kifuta jasho kwa mwenye shamba lililoliwa na wanyama, kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Watu wa pwani hawataki kufutwa tu. Wanataka kuwa wenyeji.

Nne, na hili ni letu sisi kwa sisi. Novemba 2024 wagombea wetu wengi wa vijiji na vitongoji walienguliwa kabla kura haijapigwa. Inauma, na hatutaisahau. Lakini wengi wetu tulisusa na kila kitu kingine. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, na mjumbe wake ni kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Hauombwi kadi ya chama mlangoni. Mapato na matumizi yanasomwa pale. Ardhi ya kijiji inajadiliwa pale. Sisi siku hiyo tuko wapi? Tuko kijiweni tunashare video za mikutano ya hadhara ya Dar.

Kwa hiyo ombi langu kwa vijana wa Mkinga, Tanga na Pangani ni dogo. Mkutano ujao wa kijiji chako, nenda na swali moja lililoandikwa: ni viwanja vingapi vya ufukweni vimeidhinishwa kuuzwa mwaka huu, na nani aliidhinisha? Uliza kwa heshima, ukiwa umekaa na wazee. Halafu likizo ikifika, changeni hela, kodini Noah, mkaione Saadani. Ni vigumu kupigania kitu ambacho hujawahi kukiona.

Mjomba bado hajauza. Alimwambia yule jamaa asubiri. Mimi aliniambia, "Nakupa mpaka mkutano ujao wa kijiji. Ukija na wenzako nitawasikiliza. Usipokuja, nina ada ya kulipa."

Nimeshaomba ruhusa kazini. Gari lina nafasi tatu.