Kabla ya kuchora mwili, kijana ajiulize alama ni ya nani

Katika saloni nyingi za kunyoa za Lubumbashi, Goma na Bukavu, mashine ya tatuu siku hizi inakaa pembeni ya mashine ya nywele. Kijana anaingia, anatoa telefone, anaonyesha mkono wa mwanamuziki ao shingo ya mchezaji wa mpira, kisha anasema: «Nifanyie kama hii.» Bei inapatanwa, saa moja inapita, kijana anatoka na taji, mabawa, ao herufi za Kichina ambazo hakuna mtu wa kartie yake anayeweza kuzisoma. Yeye mwenyewe pia hawezi.

Nyumbani wazee wana jibu moja: tatuu ni ya wahuni. Pasta anafungua Walawi 19:28 na mazungumzo yanaishia hapo. Lakini kumwambia kijana wa miaka 20 kwamba ngozi haiguswi hata kidogo, katika inchi ambamo bibi za watu walibeba alama usoni na tumboni kwa heshima, ni kumpa jibu fupi mno. Atakwenda kuchora tu, na atachora kwa siri. Afadhali aulizwe jambo ambalo saloni haimuulizi: mchoro huu unasema nini juu yako?

Kwa Watabwa wa Moba, kando ya ziwa Tanganyika, swali hilo lilikuwa na majibu. Kuchanja chale kuliitwa kulemba, neno ambalo ndugu zao Waluba wanalitumia mpaka leo kwa kuandika. Mojawapo ya michoro ya Watabwa ni safu ya pembetatu inayoitwa balamwezi, ni kusema kuandama kwa mwezi mpya. Siku ambazo mwezi haupo zilikuwa siku za kuogopa. Mwezi ukirudi, watu wanapumua. Pembetatu hizo zilichorwa kwenye miti na kwenye ngozi, na aliyeziona alijua zinazungumza juu ya nini. Kwa Waluba, chale za mwanamke zilisomwa karibu kama lukasa, ule ubao wa shanga ambao watunza historia waliupapasa kwa vidole wakisimulia mambo ya wafalme.

Shule na misheni zikaja, chale zikaitwa mambo ya kishenzi, na mikono iliyojua kuchanja ikazeeka. Leo mtu akitaka kuona alama hizo vizuri, nyingi amezibakiza kwenye sanamu za mbao zilizopelekwa Ulaya wakati wa ukoloni, zingine ziko Tervuren, Ubelgiji.

Hapa pasiwe na kujidanganya. Binti wa zamani hakuchagua. Wakati wake ulifika, akachanjwa, na maumivu yalikuwa makali. Na kijana wa Kinshasa anayekopa balamwezi kwenye intaneti kwa sababu «ni ya Kiafrika» hajamshinda yule wa herufi za Kichina. Ameiga tu kutoka karibu zaidi. Kama ana nyanya wa Moba ao wa Kalemie, amwulize kwanza. Pengine nyanya atacheka, pengine atatoa hadithi ambayo hakuna mtu wa jamaa aliyewahi kuisikia.

Hatari ya kubeba maneno ya wengine ilionekana waziwazi mwezi wa kwanza 2019. Mwimbaji wa Marekani Ariana Grande alichora kiganjani herufi za Kijapani, akitaka zisomeke «pete saba», jina la wimbo wake. Kwa sababu ya maumivu, herufi zingine ziliachwa. Wanaosoma Kijapani wakamwambia kwamba kilichobaki ni «shichirin», ile mbabula ndogo ya makaa ya kuchomea nyama. Alirudi kuongeza herufi, na bado wenye lugha wakaona haijanyooka. Huyo ni mtu mwenye pesa na washauri. Wa hapa kwetu, akiandikwa mbabula, nani atamwambia?

Maana haiko katika picha yenyewe. Watu wawili wa Goma wanaweza kuchora mlima uleule wa Nyiragongo. Mmoja ameupenda kwa sababu marafiki watatu wanao na unapendeza kwenye picha. Mwingine alikuwa mtoto tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, siku moto ulipoteremka mpaka katikati ya mji, na kile anachokumbuka ni mgongo wa mama yake wakikimbia. Huyo wa pili hahitaji hata mlima. Tarehe peke yake inamtosha, ndogo, mahali ambapo nguo inafunika. Mwingine atachora jembe la baba aliyemlipia masomo kwa mihogo. Mwingine jina la mtoto, ambalo ni heri kuliko jina la mchumba. Mtoto habadiliki kuwa mtoto wa mtu mwingine baada ya miaka miwili.

Na ngozi ina sheria zake. Sindano inapitisha wino chini ya ngozi ya juu, ile inayojibadilisha kila mara, na kuuacha katika tabaka la pili. Huko chembe za kinga zinaumeza wino lakini haziwezi kuumaliza. Ndiyo sababu unabaki. Miaka ikipita wino unasambaa kidogo kidogo, na maandishi membamba yanayopendwa sasa yanaweza kuwa doa lisilosomeka. Picha nyingi za telefone zilibuniwa kwa ngozi nyeupe: rangi za njano, waridi na buluu nyepesi hazionekani sana kwenye ngozi nyeusi. Tena watu wenye ngozi nyeusi ndio wanaopata zaidi makovu yanayovimba. Aliye na kovu la namna hiyo sikioni ao kifuani afikiri mara mbili. Kufuta kwa laza kunahitaji kurudi mara nyingi, kwa pesa nyingi kuliko zile za kuchora, na alama fulani hubaki.

Juu ya sindano, pasiwe na haya. Virusi vya hepatite B vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7, na sindano iliyopita kwa mwingine inaweza pia kuleta SIDA. Sindano ifunguliwe mbele ya mteja, wino umiminwe katika kikombe kipya, fundi avae glavu mpya. Fundi anayekasirika akiombwa hivyo amekwisha jibu.

Katika Kivu na Tanganyika kuna jambo lingine ambalo mafundi wanalinyamazia. Wapiganaji wa Mai-Mai wanajulikana kwa chale za dawa za kuzuia risasi. Mzazi anayekuta alama mpya kifuani mwa mwanawe haogopi mitindo tu. Na kijana anayesimamishwa usiku kwenye baryera hatapewa nafasi ya kueleza wasanii anaowapenda.

Kuna jaribio ambalo bei yake ni biki moja. Kijana achore alama yake mwenyewe kwenye mkono, aende nayo sokoni na kazini, aeleze maana yake kwa mama, kwa mdogo wake, kwa mtu yeyote anayeuliza. Ikifutika aichore tena, juma baada ya juma. Kama anaona haya kuieleza, ao amechoka kuirudilia, amejua kabla ya kulipa. Na kama miezi 6 ikipita bado anaitaka, fundi mzuri atakuwa angali kazini.