Mabati au Kisima?

Likizo iliyopita tulianza kusali chini ya mwembe kijijini kwetu. Hatuna mchungaji wa mshahara. Kila mtu hujitolea. Sasa sadaka imepatikana, nao wazee wataka kununua mabati. Mimi nasema tujenge kisima kwanza, maana watoto wanaharisha.

Apolo Kivebulaya alipotoka Uganda kwenda Boga, ambako leo ni Kongo, mwaka 1896, alifundisha watu kusoma. Alifia huko mwaka 1933, na kanisa alilolitumikia lipo mpaka leo.

Wazee waniambia mtoto asiwafundishe wakubwa. Heshima nawapa. Lakini mvua ikinyesha twaweza kusali nyumbani mwa mtu. Mtoto akifa kwa maji machafu, hatumpati tena. Ninyi mliokwisha maliza shule, mwasemaje?