Nipeni Chura Wangu wa Plastiki

Nina vyura 41 chumbani kwangu Mbeya, juu ya kabati la vitabu, na hakuna hata mmoja anayelia usiku. Ni wa plastiki na mpira. Sikusanyi wale wa katuni, wenye kope na tabasamu. Nawataka wanaofanana na chura wa kweli: mgongo wenye vipele, vidole vinavyohesabika, macho yaliyokaa mahali pake. Wengi nimewapata Mwanjelwa, kwenye matenga ya vitu vya watoto vinavyoingia pamoja na mitumba, kwa shilingi 500 au 1,000, huku muuzaji akinitazama kama mtu aliyepotea njia. Wachache wameletwa na marafiki waliosafiri. Mmoja nilimpata Iringa, karibu na soko kuu, kwa mama aliyeniambia, "Kamwene, chukua bure, huyo ananitia kichefuchefu."

Shangazi yangu alipokuja kutoka Tukuyu alisimama mlangoni, akakataa kuingia.

"Mwanangu, hivi vitu kakupa nani?"

"Nimenunua, shangazi."

Akaona hilo ni baya zaidi. Wiki iliyofuata mama akanipigia simu kuniuliza, kwa upole sana, kama bado nasali.

Shangazi sigombani naye. Anayemwogopa chura angalau anakubali kwamba chura ni kitu. Ugomvi wangu ni na watu wa rika langu, wenye digrii, wanaokuja kunywa chai na kunicheka. Wanaosema ni utoto nawaacha. Mtu mwenye jezi tisa za timu ya Uingereza hana la kunifundisha kuhusu utoto. Wanaosema ni plastiki wana hoja, na nitarudi kwao. Lakini kuna kundi la tatu, lile la wapenda mazingira, linaloniambia kwa sauti ya huruma: "Ndugu, badala ya kukusanya sanamu, si umpeleke mtoto mtoni akamshike chura wa kweli?"

Hao ndio walionifanya niandike.

Mimi nilimshika chura wa kweli. Tulikuwa watoto wa mtaa mmoja, mvua za Desemba zilikuwa zimejaza mitaro, na kila jioni tulikuwa na kazi: mmoja anaiba chumvi jikoni, wengine wanatafuta chura. Tulimmwagia mgongoni, tukachuchumaa kumtazama. Sitaeleza tulichokiona. Tulicheka, hilo naweza kulieleza. Hakuna mtu mzima aliyetuzuia, na mmoja aliyepita akiwa na baiskeli alitushauri tuongeze.

Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba chura hanywi maji kwa mdomo kama sisi. Anakunywa kwa ngozi, na kwa ngozi hiyohiyo anapumua na kulinda kiwango cha chumvi mwilini mwake. Ile chumvi yetu ya mezani ilikuwa inamkausha akiwa hai. Nikasoma pia habari za kuvu wa kitridi, ugonjwa ambao umemaliza vyura wa aina nyingi sana duniani. Huyu kuvu anakaa kwenye ngozi. Ngozi ikiharibika, chura anashindwa kushika madini yake, sodiamu na potasiamu, vinashuka kwenye damu, na mwisho moyo unasimama. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu. Chumvi tena.

Na kuvu huyu anasafiri kwa maji, kwa matope ya viatu, kwa mikono yenye unyevu iliyotoka kumshika chura mwingine. Kwa hiyo ninyi mnaosema mtoto akamshike chura wa kweli, nawauliza: yupi?

Maana nyumbani tunaye mmoja, na huyo hashikwi.

Tuzungumze basi kuhusu Kihansi. Maji ya mto huo yanakusanyika nyanda za juu za Mufindi, hukohuko kwenye chai na misonobari ambako basi la Mbeya linapita likielekea Iringa, kisha yanaporomoka kwenye ukingo wa milima ya Udzungwa kwenda bonde la Kilombero. Zamani mporomoko huo ulikuwa unarusha manyunyu usiku na mchana kwenye vipande vya majani chini ya maporomoko, hekta mbili tatu hivi kwa jumla. Humo, na si kwingine popote duniani, aliishi chura wa rangi ya dhahabu ambaye jike akikua sana hafiki sentimita tatu. Hatagi mayai majini. Anazaa watoto waliokamilika, wenye miguu, kila mmoja mdogo kuliko ukucha wa kidole chako cha mwisho.

Wanabiolojia walimkuta mwaka 1996, bwawa la umeme likiwa tayari linajengwa. Mwaka 1999 aliandikwa kisayansi na watu wanne, mmoja wao Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akapewa jina la *Nectophrynoides asperginis*. Muda si muda mitambo ikawashwa, megawati 180, na karibu maji yote yakaingizwa kwenye handaki. Manyunyu yakakoma. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 wakapandishwa ndege kwenda Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx. Korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji, yanayoendeshwa na mteremko wenyewe bila pampu, na kwa muda ikaonekana kama yamesaidia: Juni 2003 walikadiriwa kuwa kama 20,000. Halafu, ndani ya miezi michache, wakaisha. Kuvu wa kitridi alikuwa amefika. Januari 2004 watafiti waliona vyura watatu, wakasikia sauti za madume wawili. Mwaka 2009 shirika la uhifadhi la IUCN likatangaza kwamba ametoweka porini.

Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Tumeifundishwa methali hiyo tangu darasa la pili, na siku zote tunafundishwa kuisoma upande wa ng'ombe.

Sijasema bwawa lisingejengwa. Naandika haya usiku, taa inawaka, na mahali fulani katika mwanga huu yamo maji ya Kihansi. Mama yangu amesoma kwa koroboi. Sitamtukana kwa kujifanya sihitaji umeme. Na hadithi haikuishia 2009: mwaka uliofuata vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakazalishwa kwenye maboksi ya vioo, na mwaka 2012 kazi ya kuwarudisha korongoni ikaanza. Amfibia aliyetangazwa kutoweka porini, akarudishwa kwao. Limefanyika hapa kwetu. Sasa muulize kijana yeyote wa Kihesa au Uyole anamjua. Akikujibu, atakujibu kwa mzaha: si yule chura aliyesumbua mambo ya umeme? Au atacheka tu, kwa sababu tangu mwaka 2016, wimbo ule ulipozuiwa, neno chura limehamia sehemu nyingine ya mwili. Mashabiki wa Simba nao wanalitumia kuwatania Yanga. (Na Yanga, kama mngejua rangi ya chura wa Kihansi, mngeipokea hiyo dhihaka kwa mikono miwili.)

Basi nirudi kwa wapenda mazingira. Chura huyu hamwezi kumshika. Jamii yake yote imo kwenye Kiambatisho cha kwanza cha CITES tangu 1975. Kumfanyia biashara kuvuka mpaka ni kosa. Anayeingia korongoni anasafisha viatu kwa dawa kabla hajakanyaga. Mtoto wa Mafinga, anayekaa karibu na chanzo cha maji yake, hawezi kumwona mpaka awe mtafiti. Njia pekee ambayo mkono wa mtoto unaweza kumgusa chura wa Kihansi bila kumuua ni plastiki. Au mbao, au udongo, sibagui. Lakini aguswe! Picha ukutani haitoshi. Sisi tuliokua na chumvi mkononi tunajua kwamba mtoto anakijua kitu kwa vidole kwanza.

Sasa njoo utazame kabati langu. Yupo chura wa bluu wa Suriname. Yupo wa kijani mwenye macho mekundu wa Amerika ya Kati, tena saba, kila kiwanda kinamtengeneza huyo. Yupo chura-nyanya wa Madagaska. Wana majina tumboni, wamepakwa rangi kwa uangalifu, mwingine hata weupe wa ndani ya paja umekumbukwa. Wa kwetu simwoni. Miaka tisa napekua matenga, sijawahi kumwona.

Panama wanaye chura wao wa dhahabu, na yeye aliangamizwa na kuvu huyuhuyu, na yeye anaishi zaidi kwenye vioo kuliko porini. Lakini Panama wamemchapisha kwenye tiketi za bahati nasibu, wanamchonga, wanamuuza kwa watalii, na tangu 2010 tarehe 14 Agosti ni siku yake kitaifa. Mtoto wa Panama ambaye hajawahi kukanyaga msitu anajua chura wake ana rangi gani. Sisi tunaye wa kwetu, na kwenye meza za vinyago, kuanzia Iringa mpaka Dar, utakuta twiga, tembo, simba, twiga, Mmasai, twiga. Nimewauliza wachongaji. Mmoja alinijibu vizuri tu: "Kaka, chura nani atanunua?" Mimi, nikamwambia. Akacheka, akaendelea na shingo ya twiga.

Msiniambie kwamba kukusanya ni tabia ya kuiga Wazungu, kana kwamba vyura wetu hawajawahi kukusanywa. Mwaka 1905, huko Berlin, Gustav Tornier aliandika habari za chura anayezaa, kutokana na vielelezo vilivyotoka milima hii ya kwetu ya kusini wakati wa Wajerumani. Vielelezo vya zamani hivyo vimetunzwa kwenye spiriti zaidi ya karne. Mwaka 2025 watafiti walichukua vinasaba kutoka kwenye vielelezo vya makumbusho wakaonyesha kwamba tuliyekuwa tunamhesabu mmoja ni spishi kadhaa, wakaongeza tatu mpya, na moja wakaiita *uhehe*. Uhehe! Chura ana jina la Iringa, na Iringa hakuna mtoto mwenye sanamu yake. Mkusanyaji wa kwanza aliwaweka kwenye chupa. Mimi ninachoomba ni kiwekwe kitu kwenye mfuko wa kaptula.

Niliahidi kurudi kwenye plastiki. Ndiyo, ni plastiki. Lakini wangu hatupwi, na wengi walikuwa wameshatupwa kabla sijawapata. Anayenishambulia kwa vyura 41 huku ameshika chupa ya tatu ya maji kwa siku hiyo aanze na chupa. Hoja nzito zaidi ni nyingine, na hakuna aliyeniambia, nimejiambia mwenyewe: sanamu haimwokoi chura. Kabati langu halijapunguza kuvu hata mmoja. Kweli. Lakini yale mabomba ya Kihansi yanahitaji mtu wa kuyatengeneza mwakani, na mwaka unaofuata, na bajeti ya kuyatengeneza inahitaji mtu wa kukasirika ikikatwa. Sijawahi kuona watu wakikasirika kwa ajili ya kitu wasichokijua umbo.

Kuna tatizo moja la kiufundi, na linanifurahisha. Kwenye viwanda vya midoli kuna kipimo cha kukinga watoto wadogo wasikabwe, kikombe chenye kipenyo cha milimita 31.7, kinachoingia humo hakipewi mtoto wa chini ya miaka mitatu. Chura wa Kihansi wa ukubwa halisi anaingia mzima. Viwanda vitataka kumkuza. Wasimkuze! Udogo ndio habari yenyewe. Andikeni tu kwenye pakiti kwamba ni wa kuanzia miaka minne.

Mpwa wangu anaishi Iringa, ana miaka minane. Likizo ya Juni alikuja Mbeya, akawapanga vyura wangu sakafuni kwa nchi zao, akauliza, "Mjomba, wa kwetu yuko wapi?" Nikamweleza. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akauliza tena, kama mtu ambaye hajajibiwa.

Nilikuwa na donge la udongo wa Matema, ule wanaofinyangia vyungu akina mama wa Kikisi, nililoletewa na rafiki. Nikakaa jioni tatu. Miguu ilikatika mara nne. Vidole nikavitengeneza kwa sindano. Nikamkausha, nikampaka rangi ya njano iliyobaki kwenye kopo la dirisha, nikamchora mstari wa kahawia ubavuni. Nilijisikia vizuri, niseme ukweli.

Mpwa wangu akamweka kiganjani, akamgeuza, akamtazama tumbo. Kisha akaenda kwenye begi lake la shule, akarudi na rula.

"Sentimita nne na nusu," akasema. "Mjomba, huyu siye."

Nimebakiwa na udongo wa kutosha. Jumamosi naanza upya.