Ngoja Ngoja Huumiza Mkono

Jumapili ya tarehe 18 Mei 2025 nilikuwa jikoni kwangu hapa Pittsburgh, nachambua mchele, redio iko dirishani. Mwanangu wa miaka kumi alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, anaandika kwenye daftari kila mpira uliorushwa. Timu yetu ya besiboli, Pirates, ilikuwa ugenini Philadelphia. Mrushaji wetu siku hiyo alikuwa Paul Skenes, kijana ambaye hata miaka 23 alikuwa hajaitimiza. Alirusha raundi zote nane zilizompasa, peke yake, bila kupokewa na mwenzake. Alifungwa pointi moja. Wenzake walioshika magongo hawakufunga hata moja. Mchezo ukaisha 1–0.

Sasa, besiboli ina desturi moja ya kikatili. Kila mchezo ukiisha, huandikwa jina la mrushaji mmoja aliyeshinda na jina la mrushaji mmoja aliyeshindwa. Timu nzima imeshindwa, lakini kitabuni jina ni moja. Mwanangu aliinua kichwa akaniuliza: "Baba, wameandika Skenes ndiye aliyeshindwa. Amekosea nini?"

Sikuwa na jibu. Mimi nafua mashuka ya hospitali usiku, na tangu mtoto huyu aanze shule nimemwimbia wimbo mmoja: fanya kazi yako vizuri, mengine yatajipa. Sasa alikuwa ananionyesha, kwa penseli, mtu aliyefanya kazi yake vizuri na mengine hayakujipa. Ninayoandika hapa ni jibu lake, limechelewa miezi sita.

Msomaji aliyekulia kwenye kabumbu, kama mimi niliyekulia Tanga, na amfikirie mrushaji kuwa ni kipa. Yeye ndiye anayerusha mpira, na kazi yake ni kuwazuia wapigaji wa upande wa pili wasifunge. Lakini kipa wa Coastal Union asipofungwa, klabu huondoka na pointi moja walau, kwa sababu kabumbu ina sare. Besiboli haina sare. Mrushaji anaweza kufunga mlango mpaka usiku, wenzake wasipofunga hana atakachopata. Anaweza kukuokoa usizame. Kukufikisha pwani hawezi.

Tazama basi msimu wa 2025. Skenes alifungwa wastani wa pointi 1.97 kwa kila raundi tisa. Aliwatoa wapigaji 216 bila kugusa mpira wa maana. Novemba 2025 alipewa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi yake, kwa kura zote 30, bila hata mmoja kupinga. Na rekodi yake ya kushinda na kushindwa? Kumi kwa kumi. Mrushaji bora kupita wote ameandikwa nusu mshindi, nusu mshindwa, kana kwamba alikuwa akirusha sarafu.

Sababu haihitaji mganga. Katika timu 30 za ligi kuu, hakuna iliyofunga pointi chache kuliko Pirates: 583 katika michezo 162. Timu ya Colorado, iliyopoteza michezo 119 na kugeuka kichekesho cha nchi nzima, ilifunga zaidi yetu. Hakuna pia timu iliyovusha mipira michache zaidi juu ya ukuta. Tulianza kwa kushinda michezo 12 na kupoteza 26, kocha akafukuzwa mwezi wa Mei, akaja mwingine, mtu wa eneo hili hili la Pittsburgh. Tukamaliza tumeshinda 71, tumepoteza 91. Kocha mpya hawezi kupiga mpira kwa gongo ambalo hakununuliwa.

Ukilalamika, unajibiwa kwa neno moja: subira. Vijana wanakuja. Huo ndio wimbo wa timu hii, na mimi ninayetoka katika lugha yenye methali nyingi za subira kuliko mchanga wa Raskazone nadhani nina haki ya kuujibu. Subira yavuta heri, ndiyo. Lakini wahenga haohao walituachia na hii: ngoja ngoja huumiza matumbo. Hawakuwa wakijipinga. Walijua kuna subira ya mkulima, aliyepanda na anapalilia, na kuna subira ya aliyekaa barazani akiangalia pori anasubiri mahindi. Ya kwanza ni kazi. Ya pili ni uvivu uliovishwa kanzu.

Pirates wametwaa ubingwa wa Marekani mara tano, mara ya mwisho 1979. Kuanzia 1993 hadi 2012 walimaliza misimu 20 mfululizo wakipoteza michezo mingi kuliko walioshinda. Mtoto aliyezaliwa mwanzo wa kipindi hicho alimaliza shule, akaanza kazi, hajaona msimu mmoja mzuri. Ikaja miaka mitatu ya nuru, 2013 hadi 2015, kisha giza likarudi. Tangu hapo hadi 2025 hatukucheza mchezo hata mmoja wa mtoano. Aliyeniambia "vijana wanakuja" nilipohamia hapa mwaka 2017 bado ananiambia hivyo, na wale vijana wa wakati ule wameshakwenda.

Wamekwenda wapi? Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Januari 2018 mrushaji wetu bora, Gerrit Cole, alipelekwa Houston. Mwaka uliofuata aliwatoa wapigaji 326 na kuifikisha timu yake fainali. Julai ya 2018 hiyohiyo tuliwatoa Tyler Glasnow, Austin Meadows na Shane Baz, vijana watatu, kwa mrushaji mmoja kutoka Tampa ambaye hakutufaa. Glasnow alicheza fainali na Tampa mwaka 2020, na tarehe 1 Novemba 2025 alikuwa miongoni mwa warushaji wa Los Angeles Dodgers waliotwaa ubingwa. Kwa hiyo ni kweli, vijana wanakuja. Wanakuja Pittsburgh kama wasafiri wanavyokuja stendi.

Wapo watakaosema: basi mkono wa Skenes utangoja, bado kijana, yuko chini ya timu hadi mwisho wa msimu wa 2029. Hao hawajui mkono ni nini. Ndani ya kiwiko kuna kano, uzi mfupi unaoushika mfupa wa juu na wa chini. Kila mpira wa kasi huuvuta. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono mmoja wa mrushaji Tommy John akaishona kwenye kiwiko cha mkono wake wa pili, na upasuaji huo ukabaki na jina la mgonjwa. Leo warushaji wanapasuliwa hivyo mmoja baada ya mwingine, na kadiri mpira unavyorushwa kwa kasi ndivyo foleni inavyorefuka. Tommy John mwenyewe alirudi akashinda michezo mingine 164. Wengi hawakubahatika hivyo.

Mfano tunao nyumbani. Tarehe 8 Juni 2010, Stephen Strasburg wa Washington alicheza mchezo wake wa kwanza kabisa. Aliwatoa wapigaji 14, na wapigaji hao walikuwa wa kwetu, Pirates. Dunia ilisema huyu atatawala miaka kumi na mitano. Mwaka huohuo alikuwa kwenye kisu. Alirudi, akawa mchezaji bora wa fainali ya 2019, na baada ya hapo mwili wake ulimruhusu michezo minane tu mpaka alipostaafu. Lakini Washington walipata ubingwa wao. Mkono uliisha ukiwa umeshalipa. Na tusiende mbali: Jared Jones, mrushaji aliyeibuka mwaka mmoja na Skenes katika timu yetu hii, alipasuliwa kiwiko mwezi uleule wa Mei niliokuwa jikoni na redio. Msimu wote wa 2025 hakurusha mpira.

Mkono wa mrushaji si shamba, ni mshumaa. Shamba ukilipumzisha mwaka huu litakusubiri. Mshumaa unawaka, mgeni afike asifike. Skenes alirusha karibu raundi 188 mwaka 2025. Hizo hazirudi. Kila mchezo wa 1–0 tuliopoteza ni kipande cha nta kilichoyeyuka bila mtu kusoma hata ukurasa mmoja.

Nitajibu hoja mbili kabla hazijaletwa.

Ya kwanza: Pittsburgh ni mji mdogo, hauwezi kushindana na New York na Los Angeles. Ni kweli kwamba besiboli haina kikomo cha mishahara, na matajiri hununua wanachotaka. Lakini soko la Milwaukee ni dogo kuliko letu, tuko nao kundi moja, tunawaona kila msimu. Mwaka 2025 walishinda michezo 97, mingi kuliko timu yoyote ya ligi kuu. Nao walitolewa na Dodgers baadaye, nakubali. Lakini walifika mlangoni, wakabisha hodi. Umaskini naujua. Baba yangu amekuwa shabiki wa Coastal Union tangu kabla ya ubingwa wa 1988, na amesubiri mwingine mpaka mvi zimemjaa. Yeye simlaumu, wala klabu siilaumu, maana pale kweli mfuko ulikuwa mtupu. Pirates wana uwanja kando ya mto Allegheny uliojengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za umma, miongoni mwa viwanja vinavyosifiwa zaidi nchini, na mishahara yao ni miongoni mwa midogo zaidi katika ligi. Mtu huyo si maskini. Ni mtu anayeomba chumvi huku ghala lake limefungwa kufuli.

Ya pili: kama hamumwezi Skenes, muuzeni sasa mpate wapigaji. Nimeshawaonyesha biashara ya 2018. Atakayekukabidhi tena kisu kilekile ulichokatia kidole, muulize kwanza amejifunza nini kushika mpini.

Sitamaliza bila kujilaumu na sisi mashabiki. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Siku anayorusha Skenes tunajaa uwanjani. Tunanunua fulana yake, tunapiga picha na daraja nyuma, tunarudi nyumbani tumeridhika na kushindwa 2–1. Wengine wanaimba timu iuzwe, kisha wanapanga foleni kununua soda. Mimi pia. Niliipenda timu hii tarehe 26 Aprili 2017, wiki chache baada ya kufika, nilipomwona kwenye televisheni ya kazini Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza mzaliwa wa bara letu kucheza ligi kuu, akiwa amevaa jezi ya Pirates, akipiga mpira safi mara yake ya kwanza kusimama na gongo. Timu hii ndiyo iliyopanga, tarehe 1 Septemba 1971, kikosi cha kwanza cha ligi kuu chenye weusi na Walatino watupu. Nani asingependa? Lakini mapenzi yasiyodai chochote mwenye duka huyahesabu kama mauzo.

Ninachotaka si muujiza. Warushaji wapo: Skenes, Mitch Keller, na Bubba Chandler aliyeingia Agosti. Kijana Konnor Griffin, aliyekuwa na miaka 19 mwaka 2025, alitajwa kuwa bora kuliko vijana wote waliokuwa wakisubiri zamu. Vizuri. Lakini kijana wa miaka 19 asitumwe kuwa jibu la maswali ya watu wazima. Nunueni wapigaji wawili, watatu, watu wazima wenye majina, majira haya ya baridi, kabla kano ya mtu haijakatika. Fungueni ghala.

Jirani yangu ni Mmarekani mweusi aliyestaafu kiwanda cha chuma. Alikuwa kijana 1971, alikuwa uwanjani 1979. Juzi jioni nilimuuliza, "Mzee, tusubiri?" Alicheka, akaonyesha goti lake linaloumwa akipanda ngazi. "Mwanangu," akasema, "mimi ndiye niliyekwisha kusubiri."

Usiku huo nilimwita mwanangu na daftari lake. Nikamwambia Skenes hakukosea kitu. Nikamwambia kazi nzuri ya mtu mmoja haitoshi, na wenye jukumu la kuikamilisha wasipofanya lao, usikubali jina lako liandikwe peke yake. Alichukua penseli, akafungua ukurasa wa tarehe 18 Mei, akafuta jina chini ya neno "aliyeshindwa". Akaandika: wapigaji. Akafikiri kidogo, akaongeza: na mwenye timu.